Miaka ya Kifua cha Mume Wangu

Kifua kilimshika mume wangu mara ya kwanza akiwa amekaa tu. Hakuwa amebeba mzigo, hakuwa amekimbia, wala hakuwa amegombana na mtu. Alikuwa ametoka zamu ya asubuhi pale stesheni ya Shinyanga, amekula ugali na mlenda, amejiegemeza kwenye kiti nje ya nyumba yetu ya reli, anavuta sigara. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, namalizia sare ya shule ya mtoto wa jirani. Nikaona sigara inaanguka. Nilipoinua macho, ngumi yake ilikuwa imebana katikati ya kifua na jasho linamtoka, na jua lenyewe lilikuwa limeshaanza kupoa.

"Una nini?" nikamwuliza.

"Kama kuna mtu amenikalia," akasema. "Hapa. Amenikalia hapa."

Nilikimbilia maji. Nilipotoka nayo kifua kilikuwa kimemwachia, naye ananiangalia kama mtu aliyeona nyoka akiingia ndani ya nyumba asijue amejificha wapi.

Hakuwa mzee. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, na kichwani kwake hata unywele mmoja mweupe haukuwepo. Binti yetu ndiyo kwanza alikuwa anaanza shule. Tulikuwa naye huyo mmoja. Kabla yake mimba mbili zilikuwa zimeniharibikia, kwa hiyo alipozaliwa mzima mama mkwe wangu alipanda treni kutoka Tabora kuja kumwona, akampakata, akasema, "Sasa njia imefunguka, watakuja wengine." Na sisi tuliamini hivyo hivyo.

Kifua kikarudi. Tukaenda hospitali. Daktari akamsikiliza, akampima presha, akampeleka kupigwa picha, akasema, "Huna kitu. Ni gesi. Punguza maharage." Safari ya pili alikuwepo daktari mwingine, akasema ni mawazo. Kazini wenzake wakaanza kumtania, maana akiwa anapokea treni au anasukuma mizigo hakupatwa na lolote, akishakaa tu ndipo anapojishika. "Wewe unaumwa ugonjwa wa kiti," walimwambia, wakacheka, naye akacheka nao. Nyumbani hakuwa anacheka.

Mama yangu mzazi, aliyekuwa kijijini kwetu, akatuita huko, akamleta nfumu, mganga wa Kisukuma anayepasua kuku na kusoma ndani yake. Mume wangu alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili, lakini kwa heshima ya mkwewe akakubali. Yule mzee akainama juu ya kuku wake muda mrefu, akasema, "Kuna babu wa upande wa mume. Hajatajwa. Zaeni mtoto mwingine mumpe jina lake, kifua kitaachia." Tulipokuwa tunarudi mjini, mume wangu akanigusa bega akasema, "Dawa nyingine bwana, mtu unameza bila kukunja uso." Nilicheka mpaka nikasimama njiani. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa miaka mingi kuongea habari ya mtoto mwingine kwa kicheko.

Siku moja kilimshika ofisini, mbele ya stesheni masta, akaanguka kutoka kwenye stuli. Wakati ule reli ya nchi zetu tatu ilikuwa bado moja, na mfanyakazi ambaye ugonjwa wake umeshindikana huku aliweza kupelekwa Nairobi. Wakampeleka. Treni hadi Mwanza, meli hadi Kisumu, treni tena. Alikaa huko zaidi ya mwezi. Aliporudi alikuwa amenenepa kidogo, ameacha sigara, na amemletea binti yake viatu vyekundu. Nikadhani amepona.

Jioni ile, mtoto akiwa anazunguka na viatu vyake kuwaonyesha majirani, akanieleza.

"Walinichoma hapa juu ya paja, wakapitisha mpira mwembamba, umepanda mpaka kwenye moyo. Wakamwaga dawa. Niliuona moyo wangu mwenyewe kwenye kioo kama cha televisheni."

"Wameona nini? Mishipa imeziba?"

"Haijaziba. Daktari alisema ni misafi kama ya kijana. Ila dawa ikiingia haikimbii kama kwa watu wengine. Inatambaa. Damu yangu kwenye moyo inakwenda polepole, basi moyo wenyewe unakosa damu ya kutosha, ndiyo unalia."

"Dawa yake?"

"Vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Na nisivute tena."

"Sasa si afadhali? Mishipa si misafi?"

Alikuwa anamwangalia mtoto.

"Nilimwuliza nitaishi mpaka lini," akasema. "Akasema hajui. Akasema ugonjwa huu wameanza kuuona juzi tu, hakuna aliyekaa na wagonjwa wake miaka mingi akaona wanafika wapi. Akaniambia, tutajua kwa kuwaangalia nyie."

Mimi katika maneno yale niliyashika yale ya mishipa misafi. Yeye alilishika lile moja la daktari kutojua, na hakuliachia tena.

Kwanza akaogopa kukaa. Alikula amesimama, sahani ameiweka juu ya meza ya cherehani yangu. Kanisani alisimama nyuma kabisa karibu na mlango, watu wakidhani ni unyenyekevu. Jioni, badala ya kupumzika, alitembea kandokando ya reli kwenda na kurudi, mikono nyuma, mpaka viatu vya kazi vikamwishia visigino upande mmoja. Akichoka sana alijilaza, lakini kukaa tu akapiga soga kama wanaume wengine, hapana. Kifua hata hivyo kilimjia vile vile, mara nyingine kila wiki, mara nyingine kikapotea miezi mitatu, na kikipotea ndipo alipoogopa zaidi. Vile vidonge vya chini ya ulimi vilimwumiza kichwa na havikumsaidia sana. Mpaka wetu na Kenya ulipofungwa, vikakosekana, hatukuona tofauti.

Halafu akaniambia hatutazaa tena.

Nilikuwa nakunja nguo. Alisimama mlangoni, akalisema neno hilo kama mtu aliyelikariri njia nzima.

"Baba yangu alikufa mimi nikiwa mdogo kuliko huyu," akasema. "Unajua tulivyoishi. Ng'ombe waliondoka na baba zangu wadogo, mama akawa anatwanga mahindi ya watu. Mdogo wangu alizaliwa baba yuko kaburini. Sitazaa yatima nikijua."

"Unajua nini? Daktari mwenyewe hajui."

"Ndiyo maana."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa na mmoja wa kumlisha. Mmoja utamweza."

Nilibishana naye wiki ile yote. Nililia, nikanyamaza, nikapika nisile. Mwisho nilichoka, na tena nilimwonea huruma, maana kila nilipomkasirikia nilimwona anajishika kifua. Kliniki ya mama na mtoto ilikuwa imeanza mambo ya uzazi wa majira. Nikaenda, wakaniweka kitanzi. Muuguzi aliniuliza nina watoto wangapi, nikamwambia mmoja, akaniangalia mara mbili.

Kwetu Usukumani mwanamke wa mtoto mmoja ni mtu wa kusikitikiwa, na akiwa mzima wa mwili ni mtu wa kusemwa. Visimani nilisemwa. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Tabora, akakaa nasi majuma mawili, akinitazama tumbo kila ninapoinuka. Siku moja tukiwa tunapeta mchele akasema, kwa upole kabisa, "Mwanangu, mimi nakupenda. Lakini huyu ni mwanangu wa kwanza. Nitamtafutia msichana, mkae wawili, msaidiane." Niliendelea kupeta. Nilikuwa nimeahidi kwamba mambo ya ndani ya nyumba yetu sitayatoa.

Mume wangu alikuwa amesimama dirishani, akasikia. Akatoka nje.

"Mama, siyo yeye. Ni mimi niliyekataa."

"Umekataa nini?"

"Kuzaa. Moyo wangu mbovu. Sitaki kuwaachia watu yatima."

Yule mama aliweka ungo chini. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na sauti yake haikuwahi kupanda, hata siku ile.

"Baba yako alipokufa nilikuwa na mimba ya mdogo wako," akasema. "Laiti ningejua mwaka mmoja kabla, ungetaka nimkatae mdogo wako? Yeye ndiye ananinunulia sukari sasa. Nani amekwambia maisha yangu yale yalikuwa mabaya kiasi cha kuyakimbia?"

"Nilikuona ukitwanga, mama."

"Uliniona nikitwanga. Hukuniona nikicheka na nyie jioni?"

Mume wangu akaingia ndani. Kesho yake mama mkwe akafunga mzigo wake. Stesheni alinishika mkono kwa nguvu, akaniambia, "Nisamehe, sikujua," kisha akapanda. Hakutufikia tena mpaka alipofariki.

Miaka ikaenda hivyo. Tuligawiwa kiwanja mtaa wa Ngokolo pamoja na wafanyakazi wengine wa stesheni. Wenzetu walifyatua matofali, wakapandisha kuta, wakahamia. Kwenye kiwanja chetu mimi nililima karanga. Nikimwambia habari ya nyumba alisema, "Tusianze kitu nitakachokiacha nusu." Tukiambiwa kuna harusi mwakani, alijibu, "Tukiwa hai." Kila Krismasi aliwaangalia watu mezani mmoja mmoja kama anayeaga. Mwaka wa kwanza nililia. Mwaka wa tano nilimpakulia wali.

Binti yetu alikua katika hali hiyo. Alijua kufunga mlango bila sauti. Alijua kuangalia uso wa baba yake kabla hajaomba kitu. Alipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni alikataa katakata, akasema, "Nikiondoka baba atakufa sipo." Baba yake mwenyewe ndiye aliyempeleka, akambebea sanduku, na aliporudi alitembea kandokando ya reli mpaka giza likaingia.

Miaka ile ya shida ikafika, ya kupanga foleni ya sabuni na sukari, ya unga wa njano. Mume wangu alikuwa bado yupo. Walikufa watu tuliowaona wazima kama chuma: yule stesheni masta, jirani yetu fundi wa reli, kaka yangu aliyekwenda kuchimba dhahabu Geita shimo likamfunika. Katika misiba hiyo yote mume wangu alisimama pembeni na huzuni yake, na niliona pia kitu kingine usoni mwake, kama mtu anayeulizwa swali na kukosa jibu.

Binti yetu akawa mwalimu, akapangiwa Kahama. Tukaenda kumsalimia. Kahama wakati huo ilikuwa mji wa mchele na ng'ombe, vumbi na mabasi, na ukitoka kidogo tu kuelekea Buzwagi ulikuwa kwenye vichaka vya watu kuchungia. Kifua kilimshika mume wangu hapo kwa binti yake, kikamshika vibaya, tukampeleka hospitali. Alimhudumia daktari mwanamke, kijana, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo. Alimsikiliza mpaka mwisho, habari ya Nairobi na mpira na dawa inayotambaa, bila kumkatiza. Kisha akamwuliza, "Baba, hiyo ilikuwa lini?"

Mume wangu akamwambia.

"Na tangu hapo umewahi kulazwa? Miguu kuvimba? Kupumua kwa shida?"

"Hapana. Kifua tu."

"Mimi nimewasoma hawa wagonjwa," akasema yule daktari. "Walioanza kuonekana wakati wako wameshafuatiliwa sasa. Wengi wao wapo, baba. Wanaishi kama watu wengine. Maumivu ndiyo hayaachi, yanarudi rudi, yanawatoa hospitali yanawarudisha. Wapo wachache moyo uliwasimama ghafla, siwezi kukudanganya. Lakini huu siyo ugonjwa wa mtu kukaa anangojea kufa. Wewe umeishi, si unaona?"

Alisema kwa kututia moyo. Alitabasamu hata. Mume wangu alimshukuru, akachukua karatasi ya dawa, tukatoka.

Ndani ya basi la kurudi Shinyanga alikaa. Nafasi ya kusimama ilikuwepo, lakini alikaa karibu yangu, na mkono wake ukatafuta wangu. Tulipokaribia mjini akasema, "Basi tungeweza."

Sikumwuliza tungeweza nini.

"Nenda kakitoe," akasema.

Nikaenda kliniki, wakakitoa kitanzi. Nilikuwa nimevuka arobaini. Muuguzi hakuwa yule wa zamani, alikuwa msichana, na akaniita mama kwa heshima, akaniambia, "Jaribuni, mama. Ya Mungu mengi." Tukajaribu kama watu waliooana jana. Nilikunywa mizizi niliyoletewa na mama yangu, nikaenda kwa yule nfumu, ambaye sasa alikuwa kipofu, mwanawe akimsomea kuku. Mwezi mmoja nilichelewa siku zangu na mume wangu akaleta papai na maziwa, akawa ananikataza kuchota maji. Zikaja. Mwezi mwingine zikachelewa tena, na mwingine, na safari hiyo hazikuwa zinachelewa. Zilikuwa zinaondoka.

Hapo ndipo hasira iliponipata, hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo ile miaka yote. Sikumpigia kelele. Nilifunga nguo zangu, nikaenda kwa wazazi wangu kusaidia kuchuma pamba. Msimu ukaisha, sikurudi. Baba yangu aliniuliza, "Mmegombana nini?" nikamwambia hatukugombana. Akaniuliza, "Amekupiga?" nikamwambia hajawahi. Akaniacha.

Mume wangu akaja kwa miguu kutoka barabarani. Alimwamkia baba yangu, "Shikamoo baba," akaitikiwa, akapewa kigoda. Hakukitumia. Alikaa chini, udongoni, mbele ya wakwe zake, mtu mzima mwenye mvi, kitu ambacho kwetu mkwe hafanyi bila sababu.

"Baba, nimekuja kusema kosa langu," akasema. "Nilimnyima binti yako watoto kwa kuogopa kufa. Na sikufa."

Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jiko na kapu la michembe, vile viazi vya kukausha, mkononi.

"Kuogopa kufa siyo kosa," baba yangu akasema. "Kila mtu anaogopa. Ila wewe uliogopa kwa niaba ya mwenzako." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ndiye wa kusema. Mimi nimemaliza."

Nilimwangalia mume wangu pale chini. Nilitaka niseme maneno mengi niliyoyapanga shambani siku zile, ya visima na ya mama yake na ya nguo za watoto wa watu nilizoshona miaka yote. Lakini aliinua mkono akajishika kifua, taratibu, asijue kwamba anafanya hivyo, na nikajua ni chenyewe kimekuja. Nikaweka kapu, nikakaa naye chini mpaka kikapita. Tukarudi pamoja kesho yake. Hasira haikuisha. Ilikuwa inakuja na kupotea, na ilipokuja nilikwenda kwenye cherehani, naye alijua kuniacha.

Alipostaafu tulijenga Ngokolo, vyumba vinne. Nilimwambia viwili vinatosha, akasema viwe vinne. Tulilala katika kimoja, kimoja tukaweka cherehani na mahindi, na viwili vilikaa na milango imefungwa.

Hatukukaa humo sana. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza alipata malaria, ikampanda kichwani, na kabla wiki haijaisha akafariki hospitali. Daktari aliniambia moyo wake ulipigana vizuri mpaka mwisho.

Watu wa reli walikuja wengi. Makaburini, katekista alisoma wasifu wa marehemu: alipozaliwa, alivyofanya kazi, ugonjwa uliomsumbua kwa muda mrefu. Akamalizia, "Ameacha mjane na mtoto mmoja." Nikasikia mguno ukipita kwa wanawake nyuma yangu.

Watu walipokwisha kutawanyika, mimi na binti yangu tulikaa uani kusugua masufuria ya msiba kwa majivu. Alikuwa ameolewa na mtu wa Geita, na kesho yake alikuwa anaondoka.

"Mama," akasema bila kuinua kichwa, "nikuulize kitu usikasirike. Mimi ndiye niliyekuharibu?"

"Kuniharibu vipi?"

"Niliwasikia wanawake kisimani, nikiwa mdogo. Walisema kuna mtoto anayezaliwa akafunga tumbo la mama yake nyuma yake. Nikajua ni mimi. Ndiyo maana nilijitahidi nisiwasumbue."

Mikono yangu ilisimama kwenye sufuria. Miaka yote ile nilidhani alikuwa mtulivu kwa ajili ya kifua cha baba yake.

Nikamweleza. Nilimweleza yote, Nairobi na lile neno la daktari, kitanzi, bibi yake na ungo, papai na maziwa. Alisikiliza huku maji ya majivu yanamkaukia mikononi. Nilipomaliza hakulia, wala hakumlaumu baba yake. Aliniuliza kitu kimoja tu, yule mdogo wake ambaye hakuzaliwa, angekuwa mvulana tungemwita nani, na nikamtajia jina ambalo mimi na mume wangu hatukuwahi kulitamka mbele ya mtu.